Namna Tulivyogeuza Jibini za Siku Nne Asubuhi Moja

Nimestaafu mwezi uliopita. Sijazeeka, magoti ndiyo yamezeeka; mimi mwenyewe nina miaka hamsini na tatu na meno yote ya mbele. Walimu vijana wa kituo cha mafunzo wakaniambia, "Mama Helena, andika. Sisi tunafundisha vibarua wa msimu wapate kazi za mwaka mzima, na wewe ulikuwa kwenye kundi la kwanza. Andika ili tusirudie makosa." Nikawaambia makosa mtarudia tu, ila nitaandika ili mkirudia mjue mlionywa.

Nimesoma mpaka darasa la tano. La sita nililiona kupitia dirishani. Binti yangu Helena amepitia herufi, maneno hajayagusa. Alijaribu kufuta majina ya watu, nikamnyang'anya daftari. Majina yanabaki. Wenyewe walipokuwa wanafanya mambo yao hawakujificha, mimi niwafiche kwa nini? Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo sikupata, na mshahara niliupata lakini haukukaa.

Nilikuwa kibarua wa msimu kwa miaka ishirini na moja. Chai upande wa Bumbuli mvua zikinyesha, peasi mwisho wa mwaka, viazi kule Kwai pakiwa na viazi. Halafu inakuja Juni, baridi inashuka, chai inalala, na lori la shamba halipiti tena barabarani. Kuanzia hapo ni kukaa nyumbani kutazama ukungu mpaka mvua zirudi. Mwezi mbaya kuliko yote ni Agosti. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwa na kazi mwezi wa Agosti. Wenzangu wana uadui na jirani au wifi. Mimi nilikuwa na uadui na mwezi.

Sasa kuna kitu lazima mkielewe kabla sijaendelea, maana ndicho kilichotuponza. Kibarua hafanyi kazi kwa saa. Anafanya kwa kipande. Kipande ni hivi: nyapara anakupimia mistari yako ya kupalilia, anachomeka kijiti mwisho, anasema, "Chako hiki." Ukimaliza, siku yako imekwisha. Ukimaliza saa saba, unakwenda nyumbani saa saba. Ukimaliza saa nne, unakwenda saa nne, na njia nzima watu wanakusifu. Mtu anayebaki shambani baada ya kumaliza kipande anaonekana ama mgonjwa ama anamvizia nyapara. Sisi tulikua hivyo. Kwetu saa ya ukutani ilikuwa pambo.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa kanisa hapa Lushoto, wiki sita. Mkuu wa mradi alikuwa Mratibu Edmundi, kijana mwenye viatu vya ncha kali, vya kufaa kuchimbulia viazi. Siku ya kwanza alisimama mbele akapaza sauti: "Mfanyakazi bora humaliza kazi kabla ya muda!" Akatufanya turudie. Tukarudia. Akasema hatujamsikia vizuri, turudie kwa nguvu. Tukarudia mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuuliza kuna nini. Naomba muikumbuke sentensi hiyo na jina la aliyeisema. Edmundi.

Wa pili ni Mwalimu Prisila, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu, na shikamoo alikuwa anatupa vizuri, hilo simnyimi. Yeye alitufundisha usaili. Alisema ukiingia kwa bosi, mwangalie machoni, mpe mkono kwa nguvu ajue unajiamini.

"Kwa nguvu kiasi gani, mwanangu?" aliuliza Zaina. Zaina ni rafiki yangu. Alitoka Kigoma kuja kuchuma chai, akasahau kurudi.

"Nguvu za kutosha, mama."

Vidole vilivyochuma chai miaka ishirini havijui za kutosha. Tulipokwenda Kwai kwenye kiwanda kidogo cha jibini kufanyiwa usaili, watatu wetu, mimi, Zaina na mgosi mmoja, mwanamume wa huku kwetu milimani, anaitwa Kaniki, tulimpa mkono Meneja Msangi kama tulivyofundishwa. Nilipomaliza mimi alikuwa anatabasamu. Alipomaliza Zaina alikuwa ameacha. Kaniki alipofika, Meneja aliweka mkono mfukoni akasema wameshasalimiana kwa macho. Siku mbili aliandika kwa mkono wa kushoto.

Maswali yenyewe yalikuwa ya ajabu. "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Hapa hapa Kwai, nikijaliwa," nilisema.

Kaniki alisema, "Unaniuliza mimi? Mwenye kazi ni wewe."

"Na udhaifu wako ni nini?"

"Kiuno."

Tukachukuliwa. Siyo kwa sababu ya majibu, ni kwa sababu Meneja alishamwahidi Mratibu. Lakini alitupa sharti, na alilisema polepole ili liingie. "Mnajaribiwa miezi mitatu. Mkifaulu, mna kazi mwaka mzima, na nitachukua wengine kutoka huko huko kwenye mafunzo. Mkifeli, hapa haingii kibarua wa msimu tena. Nitachukua waliomaliza kidato cha nne."

Kule ukumbini walikuwa wamebaki wenzetu zaidi ya ishirini wakisubiri kusikia yetu. Na mimi binafsi nilikuwa nimeshampa binamu yangu chumba changu cha kambini na tenga langu la kuchumia. Ilikuwa Juni. Lori lilishaacha kupita. Nikifukuzwa Kwai, mbele yangu kulikuwa na Agosti tu.

Fundi wa jibini alikuwa Mzee Hoza, mtu wa Mlalo, mfupi, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Jibini alijifunza ujanani misheni. Hakuwa na maneno mengi kwa watu. Kwa jibini alikuwa nayo. Alizungumza nazo Kishambaa, rafu baada ya rafu, na Meneja Msangi, ambaye ni Mpare, miaka yote aliamini anasengenywa.

Mzee Hoza alitufundisha hivi, na nyie mnaofundisha sasa msibadilishe. Maziwa yapashwe mpaka kidole kisihisi moto wala baridi. Kipimajoto kipo, lakini kidole hakiishiwi betri. Tia dawa ya kugandisha, koroga, halafu acha. Usichungulie. Yakiganda kata kwa kisu kirefu, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kamua kwa kitambaa, bana kwa mawe ya mtoni. Maji ya chumvi yapime kwa kiazi kibichi: kikizama, ongeza chumvi, kikielea, acha. Mbao za rafu zisiwe zenye utomvu, maana jibini itanuka jeneza, na mteja akishanusa jeneza harudi.

Halafu ndiyo kugeuza. Jibini ikikaa rafuni, maji yake yanashuka chini. Usipoigeuza, chini inalowa, inaganda kwenye ubao na kuota ukungu wenye manyoya, na juu inapasuka kama kisigino. Kwa hiyo kila moja igeuzwe na ifutwe kwa kitambaa cha maji ya chumvi, mara moja kwa siku, kwa wiki nyingi. Zilikuwa jibini mia na sitini, rafu nne, arobaini kila rafu.

Wiki yetu ya pili, Jumatatu asubuhi, Mzee Hoza akapata msiba wa shemeji yake huko Mlalo. Alituita, akabandika karatasi ukutani yenye vyumba vinne: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Kila jibini, mara moja kila siku," akasema. "Siku nne. Mkimaliza tieni alama. Ijumaa nipo."

"Siku nne," tukaitikia.

Akachukua mwavuli wake akaenda kupanda gari la Mlalo. Sisi tukabaki tunaitazama karatasi. Kaniki ndiye aliyeanza, naandika jina lake kwa herufi kubwa: KANIKI.

"Jibini mia na sitini," akasema. "Mara moja kwa siku, siku nne. Ni migeuzo mia sita na arobaini. Watu watatu. Mia mbili na kumi na tatu kila mtu, na mmoja unabaki."

"Huo mmoja nitageuza mimi," akasema Zaina.

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo nataka mlielewe. Hakuna aliyesema, "Jamani, hivi kesho siyo kesho?" Tulipewa kipande, kimepimwa, kina mwanzo na mwisho. Na Mratibu alishatufundisha mfanyakazi bora anamaliza lini. Tukakunja mikono ya mashati.

Mngetuona siku ile mngetupenda. Zaina juu, mimi katikati, Kaniki chini na kiuno chake. Mikono miwili miwili kama kwenye chai, mmoja unageuza, mwingine unafuta. Tulizigeuza zote mara ya kwanza, tukarudi mwanzo tukazigeuza mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne. Hatukuruka hata moja. Hatukuangusha hata moja. Saa nne na robo asubuhi Kaniki akatia alama kwenye Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akaandika chini "Tayari", tukafunga mlango, tukaenda nyumbani.

Njiani watu wakauliza, "Mbona mapema?"

"Tumemaliza mpaka Ijumaa."

"Hongereni sana!"

Nilifika nyumbani nikapanda miche ya kabichi, mistari sita. Saa nane simu ikalia. Meneja Msangi.

"Mama Helena, uko wapi?"

"Nipo nyumbani, Meneja. Habari za mchana?"

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Hapa ukutani mmetia alama ya Alhamisi."

"Ndiyo, Meneja. Imeshaisha."

"Alhamisi imeisha?"

"Ya kwetu. Ya kwako sijui."

Kisha akaniuliza kama najua kwa nini jibini inageuzwa. Nikaanza kumweleza kama Mzee Hoza alivyotueleza, kwamba maji yanashuka chini, kwamba kila siku, na hapo kwenye "kila siku" nikasimama. Nilikuwa na mche wa kabichi mkononi. Nikauangalia ule mche. Nikasema, "Mama yangu."

"Umeelewa?" akauliza.

"Nimeelewa, Meneja."

"Vizuri. Mmefukuzwa."

Kaniki alifukuzwa kwa simu iliyofuata. Zaina hakuwa na chaji, akafukuzwa kupitia kwa Kaniki. Mnaweza kufikiri mambo yaliishia hapo. Lakini Jumanne asubuhi niliamka nikawaza: nikikaa hapa bure, ndiyo Agosti imeanza Juni. Kama ni kukaa bure, nikakae bure Kwai. Nikampitia Zaina. Kaniki alisema yeye haendi, aibu. Nikamwambia asipokuja nitamwambia Mzee Hoza nani alianza kupiga hesabu. Akavaa viatu.

Saa mbili kamili tulikuwa kwenye benchi nje ya ofisi. Meneja akatoka.

"Mmefuata nini? Sikuwafukuza?"

"Umetufukuza," nikasema. "Tunamsubiri Mzee Hoza."

"Mzee Hoza anarudi Ijumaa!"

"Tutasubiri."

Akatutazama. "Mkigusa jibini naita polisi." Halafu akasema kwa hasira, lakini alilisema: "Atakachosema mzee Ijumaa, ndicho hicho hicho. Akisema nje, ni nje, nyie na wote walioko kule ukumbini."

Akaingia chumba cha jibini mwenyewe, na tai yake. Maana sisi tumefukuzwa, mzee yuko msibani, na jibini hazisubiri. Siku tatu tulikaa kwenye lile benchi tukimsikiliza Meneja Msangi anageuza. Ukisikia kimya, yuko rafu ya juu. Ukisikia "eeh", ya pili. Ukisikia "aah", ya tatu. Ya nne, ya chini kabisa, hatukusikia kitu. Zaina akaninong'oneza, "Ya chini labda anageuza kwa imani."

Sasa kukaa. Nyie mmekaa madarasani tangu mkiwa wadogo, hamjui ni kazi ya namna gani. Kukaa kutoka saa mbili mpaka saa kumi na nusu jioni bila kuwa na kitu mkononi, mgongo unauma kuliko kupalilia. Kufika saa nne miguu yote sita ilikuwa inaondoka yenyewe. Tulishikana nguo. Kufika saa sita nikamwona Zaina ameegemea ule ua wa majani uliozunguka ofisi, aliupanda mke wa Meneja, na vidole vyake vinafanya kazi. Anachuma. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi.

"Zaina, acha ua wa watu."

"Siyo mimi, ni vidole."

Nilimshika mkono. Baada ya muda nikaona na mimi nachuma kwa ule mwingine. Kaniki akatugombeza sana, akasema tutaongezewa kesi, na mwisho wa siku alikuwa anakusanya majani kwenye koti lake na kutuambia tumeruka pale kwenye kona. Jumatano tukamaliza upande wa mbele. Alhamisi tukazunguka nyuma. Ule ua ukawa bapa juu kama meza, kama shamba la chai la mfano, na hakuna jani kuukuu lililoguswa.

Jumatano hiyo Mratibu Edmundi alifika na pikipiki. Alishasikia.

"Mama zangu, msiwe na wasiwasi," akasema. "Kwenye ripoti mmeshahitimu."

"Na kazi?" nikauliza.

"Kazi ni hatua inayofuata. Ijumaa nakuja na wageni wafadhili. Mkiulizwa, semeni tumewezeshwa."

"Tumewezeshwa kukaa kwenye benchi," akasema Zaina.

"Hiyo msiseme."

Nikamwambia, "Edmundi, wewe ndiye uliyetuambia tumalize kazi kabla ya muda."

"Nilikuwa nahamasisha, mama."

"Basi ulituhamasisha mpaka Alhamisi."

Akawasha pikipiki. Ilikuwa saa saba mchana. Huyo alikuwa mwajiriwa wa mwaka mzima, nami nikamsindikiza kwa macho nikiwaza kwamba labda naye alikuwa na kipande chake, ila hakuna aliyewahi kuona kijiti.

Ijumaa saa nne Mzee Hoza akashuka garini na mwavuli wake. Usiku ule sikuwa nimelala, nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Tukasimama wote watatu. "Shikamoo, mzee. Pole na msiba." Akaitikia, akapita. Akafika kwenye ua. Akasimama. Akaupapasa juu kwa kiganja.

Meneja akatoka mbio, mkono kiunoni. "Mzee, karibu, kuna matatizo makubwa. Hawa vibarua wako—"

"Nani kaukata huu ua?"

"Nini? Ni hao hao! Wameharibu na ua!"

"Kwa mkasi?"

"Kwa vidole," akasema Zaina, akificha mikono nyuma.

Mzee akasema "Mh", akaingia chumba cha jibini. Tukamfuata mpaka mlangoni, ndani tulikuwa tumekatazwa. Meneja akamweleza yote: karatasi, alama, Alhamisi iliyoisha Jumatatu. Mzee Hoza alikuwa anasikiliza huku anainua jibini moja moja, ananusa, anagonga kwa kidole. Rafu ya juu. Ya pili. Ya tatu.

"Waligeuza mara ngapi?" akauliza.

"Mara nne! Asubuhi moja!"

"Mara nne inarudi pale pale." Akarudisha jibini kwenye ubao. "Hawajageuza, lakini hawajaharibu. Waliruka yoyote?"

"Hatukuruka, mzee," nikasema kutoka mlangoni.

"Walidondosha?"

"Hapana."

"Baada ya hapo nani aligeuza?"

"Mimi mwenyewe," akasema Meneja, na akajinyoosha kidogo.

Mzee Hoza akainama rafu ya chini. Akavuta jibini. Haikutoka. Akavuta tena, ikatoka na sauti kama ya kubandua plasta, na chini yake ilikuwa na manyoya ya kijani marefu, unaweza kuyachana. Akavuta ya pili. Na hiyo. Arobaini zote. Akaanza kuzisemesha Kishambaa, na safari hii, nawahakikishia, Meneja Msangi alikuwa anasengenywa kweli.

"Hii ya chini, nani?"

Meneja alikuwa ameshika kiuno. Kaniki, Mungu ambariki mara hiyo moja, akasema kwa huruma kabisa, "Mzee, kiuno ni udhaifu."

Mzee Hoza akasimama, akanigeukia mimi. Nilisahau maneno yote niliyotunga. Nikasema tu, "Mzee, tulifikiri ni kipande."

"Najua mlifikiri nini. Mimi nilianza kwenye mkonge." Akamgeukia Meneja. "Vidole wanavyo, nimeuona ua. Walichokosa ni makalio. Hawajui kukaa."

"Kukaa?" Meneja akachanganyikiwa kwa hasira. "Hao? Nimewafukuza tangu Jumatatu, wamekaa kwenye benchi langu siku tatu! Kuanzia saa mbili mpaka nafunga! Nimeshindwa kuwatoa!"

Mzee akamtazama. Akatutazama sisi. Nikaona shavu lake linacheza.

"Nani aliwaambia wakae?"

"Hakuna!"

"Basi kumbe wanajua," akasema. "Waingie. Na leteni maji ya moto, rafu ya chini isuguliwe."

Tukaingia. Nilikuwa nalia na kusugua, na chumvi ya macho haikuhesabika kwenye ile ya kiazi.

Saa sita Mratibu Edmundi akaja na wageni. Jibini hawakuziangalia. Wakasimama kwenye ua wakaupiga picha kila upande, na Edmundi, bila kupepesa macho, akawaambia haya ni matokeo ya somo la bustani. Somo hilo halikuwepo. Mwaka uliofuata likawepo, na Zaina akaitwa kulifundisha. Nasikia Edmundi sasa yuko kwenye mradi wa nyuki huko mbali. Nyuki nao humaliza kazi kabla ya muda, natumaini watamwonyesha.

Miezi mitatu ikapita, tukaandikwa wa mwaka mzima, na baadaye wakaja wengine kutoka ukumbini. Agosti ya kwanza naikumbuka. Nilimaliza kugeuza saa nne. Nje ukungu umefika mpaka dirishani. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza Mzee Hoza, "Sasa nasikiliza nini?"

"Husikilizi kitu. Unakaa. Ikitaka jambo, itanuka."

Nikakaa mpaka saa kumi na nusu. Ilikuwa Agosti, na mimi nilikuwa kazini. Sikumwambia mtu, maana ungemwambiaje mtu?

Baadaye nikawa nafundisha wanaokuja, na hapa ndipo penu. Msibandike karatasi yenye siku za mbele. Kila asubuhi chora chumba kimoja, cha leo, basi. Kibarua ukimwonyesha Alhamisi ataimaliza. Nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa anafika saa kumi na moja alfajiri ili aondoke saa tatu. Huyo usimgombeze, mpe kitu cha kupika ambacho hakiivi haraka. Kaniki alishindwa na rafu, akapewa ulinzi wa mchana. Siku ya kwanza akauliza siku ina mizunguko mingapi. Mtu mmoja, jina lake Meneja Msangi, akajibu bila kufikiri, "Kama arobaini hivi." Saa tatu asubuhi Kaniki alikuwa ameshauzunguka ua mara arobaini, akaenda nyumbani, na kiwanda kikabaki wazi. Sasa analinda vizuri. Tulimpa redio yenye vipindi virefu.

Mwalimu Prisila ndiye mkuu wenu sasa. Somo la kupeana mkono amelifuta, kwa hiyo namfuta kwenye orodha yangu.

Mzee Hoza alifariki kipindi cha mvua. Mimi, Zaina, Kaniki na Meneja tulikwenda Mlalo kuzika, tukakaa siku nne, na jibini tukawaachia vibarua wapya watatu waliokuwa na wiki mbili tu. Kule msibani sikuweza hata kula. Tulirudi, nikaenda moja kwa moja rafu ya chini. Nikainua ya kwanza. Ilikuwa kavu. Zote zilikuwa kavu. Zimegeuzwa mara nne, siku nne tofauti. Nikatoka nje nikasimama kwenye ua. Zaina akaniuliza macho yana nini, nikamwambia moshi. Hakukuwa na moshi, na yeye hakuuliza tena, alikuwa anachuma.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Walinipikia, wakaniimbia, Meneja akanipa mkono, wa kushoto. Lakini hiyo ilikuwa mchana, niliitwa kutoka nyumbani. Asubuhi niliingia chumba cha jibini peke yangu saa mbili. Nikageuza jibini zote, nikafuta. Halafu nikarudi rafu ya juu nikazigeuza tena mara ya pili, ile ya kesho yake, ambayo mimi nisingekuwepo. Najua imerudi pale pale. Msinifundishe.

Nikachora chumba cha pili kwenye karatasi, nikatia alama zote mbili, nikafunga mlango. Saa nne asubuhi nilikuwa njiani.

"Mbona mapema, Mama Helena?" watu wakauliza.

"Nimemaliza kipande," nikawaambia.